Vijiti Vilivyobaki Vyeupe

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti saa moja kasorobo asubuhi, katika shule moja ya msingi huko Ihanda, katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa na barua ya kupangiwa kituo, kalamu mbili na shati moja jeupe. Mwalimu Mkuu, mzee mfupi wa Kinyiha aliyebakiza miaka michache astaafu, aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akaniuliza kama najua kuimba.

"Kidogo, mzee."

"Basi utachukua Darasa la Kwanza. Wako themanini na wawili. Una boksi moja la chaki kwa muhula mzima. Vingine vyote viko porini. Nenda kaokote."

Wakati ule mwanamume kufundisha Darasa la Kwanza lilikuwa jambo la kuchekwa. Mwalimu wa Darasa la Saba alikuwa akipita dirishani kwangu na kuuliza, "Mwalimu, wamelala? Umeshawafunga winda?" Sikuwa na elimu ya sekondari. Nilikuwa nimepita mafunzo ya ualimu ya wale waliomaliza darasa la saba, na mengine nilijisomea mwenyewe kwa kibatari, katika vitabu vilivyoliwa nusu na mchwa kwenye stoo ya shule. Nilijua kwamba darasa lile ndilo pekee ambalo wangeniachia bila ugomvi.

Katika wiki ya pili nilidhani nimefaulu. Watoto wote themanini na wawili walihesabu mpaka ishirini kwa sauti moja, na sauti ilifika barabarani. Mwalimu Mkuu akaingia, akasikiliza hadi mwisho, kisha akamwaga konzi ya mahindi sakafuni na kumwambia mtoto wa mbele ampe punje tano. Mtoto aliimba "moja, mbili, tatu, nne, tano" huku akigonga punje moja ile ile. Wa pili alimpa zote.

"Wanaimba vizuri," mzee akaniambia. "Wapeleke kwaya. Wakirudi, uwafundishe kuhesabu."

Hapo ndipo nilipoanza kazi hasa, na nitaieleza ilivyofanyika, kwa sababu walimu wengi niliowaacha kazini hawajaiona.

Vitu vya kuhesabia tuliviita vihesabio. Vilikuwa sehemu ya zana za kufaragua, yaani zana ambazo mwalimu huzitengeneza mwenyewe kwa vitu vinavyomzunguka. Maharage yalikuwa mabaya, kwa kuwa watoto waliyatafuna mabichi. Mahindi yaliisha Januari, miezi ya njaa, na sikuwa na moyo wa kuuliza yalikokwenda. Mbegu za mnyonyo zinavutia macho lakini zina sumu, na mwalimu mwanamke mmoja alininyang'anya kopo zima kabla sijaua mtu. Nikabaki na vizibo vya soda, mabunzi ya mahindi yaliyokatwa vipande, na vijiti vya mwanzi. Vijiti ndivyo vilivyokuwa bora. Nilivikata urefu wa kiganja cha mtoto, nikavilainisha kwa kipande cha chupa.

Kanuni ilikuwa moja: kugusa, kusogeza, kutaja. Kidole kimoja, kijiti kimoja, neno moja. Kilichotajwa kinahama upande. Vikifika kumi vinafungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, na hilo ni fungu la kumi. Mtoto lazima afunge mwenyewe, na muhimu zaidi, lazima afungue mwenyewe. Ukimwambia atoe saba kutoka thelathini na mbili, vijiti viwili vya pembeni havitoshi. Katika ubao tunasema "kopa kumi," na mtoto anaandika kitu asichokielewa. Mkononi hakopi kitu kwa mtu. Anafungua fungu lake, basi. Mtoto aliyefungua fungu mara ishirini hahitaji kuelezwa tena.

Maumbo niliyafundishia uwanjani. Nilichora pembetatu, mraba na mstatili kwa majivu, watoto wakatembea juu ya mistari bila viatu, wakasimama kwenye kila kona na kuitaja. Waliumba tufe na mche kwa udongo wa kichuguu. Nguo zilichafuka na mama zao walilalamika.

Kila Ijumaa Mwalimu Mkuu alikuja, akafungua kopo mojawapo, akatoa kijiti na kukiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kama kilikuwa cheusi kwa jasho na mikono, alikirudisha bila neno. Mara moja alikuta kopo jipya.

"Hivi bado vyeupe," alisema. "Umefundishia nini?"

Nilimwona mkali. Sikujua kwamba nisingepata mkuu mwingine wa namna ile.

Baada ya miaka saba nilihamishiwa Vwawa. Wakati huo ilikuwa makao makuu ya wilaya tu, kabla mkoa wa Songwe haujazaliwa. Biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka ya kando ya barabara kuu yamejaa vitu ambavyo hatukuwa tumeviona tangu utoto, na kila ofisi ilitaka kuwa na kitu cha kuonyesha. Shule nazo zikaanza kushindana. Yakatangazwa maonyesho ya zana za kufundishia.

Jirani yangu alikuwa seremala. Nilikaa naye jioni za miezi mitano nikijifunza randa, tupa na msasa, nikatengeneza sanduku la mninga. Ndani mlikuwa na maumbo yote: bapa upande mmoja, na upande wa pili tufe, mchemraba, mcheduara na pia yenye ncha. Katikati nilipanga vijiti mia moja katika mafungu kumi. Nilitandika kitambaa chekundu chini ya kila umbo. Mwisho nikapaka maumbo vanishi. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Kitu cha kushikwa na mtoto hakipakwi vanishi.

Afisa Elimu alilinyanyua tufe kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika yai. "Hii kazi haifai kuchezewa na watoto," alisema, na watu wakapiga makofi. Nilipewa cheti na saa ya ukutani. Jumatatu yake Mwalimu Mkuu wa Vwawa alinunua kufuli. "Sanduku hili ndilo jina la shule sasa," aliniambia. "Wageni wakija tunalitoa. Likichakaa tutaonyesha nini?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi tangu nizaliwe. Nikajiambia kwamba vizibo vitatosha darasani. Nikaanza kuitwa kwenye semina kufundisha walimu wengine kutengeneza masanduku kama lile. Waliuliza aina ya mbao, namba ya msasa, mahali vanishi inapouzwa. Siku zote nilizokaa kwenye semina zile, hakuna aliyeuliza mtoto atavishikaje, na mimi sikusema.

Kituo changu cha tatu kilikuwa Tunduma. Mwalimu Mkuu wa pale, mama mmoja mchapakazi na mwenye hofu nyingi, aliniomba sanduku kabla hata sijapata chumba cha kupanga. Nikamtengenezea, zuri kuliko la Vwawa. Likaingia kabatini ofisini kwake, na ufunguo ukaingia kwenye mkoba wake.

Ada ilikuwa imefutwa karibuni na watoto walimiminika. Nilikuwa na watoto mia moja sitini na wanane katika chumba kimoja. Wanne wanne walikaa kwenye dawati, waliobaki walikaa chini, na breki za malori yaliyosubiri kuvuka mpaka zililia mpaka somo linaisha. Wengine walikuja wakihesabu kwa Kinamwanga, wengine kwa Kibemba cha bibi zao wa ng'ambo. Kwa idadi ile vihesabio haviwezi kuzunguka. Nilirudia kuimba. Ninaandika hili wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mwalimu aliyepewa cheti cha zana alifundisha Darasa la Kwanza kuhesabu kwa kwaya.

Katika kundi lile palikuwa na mtoto mmoja aliyekataa kuimba. Aliitwa Atupele, binti wa miaka saba, mama yake Mndali aliyewapikia madereva. Mdomo wake ulikuwa mzito. Ukimwuliza swali alitazama chini mpaka ukachoka. Lakini siku moja nilimkuta wakati wa mapumziko amekaa nyuma ya darasa na njiti za kiberiti zilizotumika, alizookota jikoni kwa mama yake, amezifunga kumi kumi kwa uzi. Hakuna aliyemfundisha kufunga. Nikachuchumaa.

"Una ngapi?"

Akanionyesha: mafungu mawili na njiti tatu.

"Nipe tano."

Alinipa zile tatu. Akafikiri. Kisha akachukua fungu moja, akakata uzi kwa meno, njiti zikamwagika mapajani, akanipa mbili. Akatazama zilizobaki.

"Kumi imekufa, mwalimu," akasema. "Zimebaki moja moja."

Katika miaka yangu yote ya kazi sikusikia maelezo bora kuliko hayo, wala kwenye semina, wala kitabuni. Kwa miezi minne iliyofuata nilikaa naye dakika kumi kila mapumziko. Nilimpa vizibo, nikamkatia vijiti. Alifika sitini, akafika mia. Hakujibu kitu kwa mdomo, lakini mikono yake haikukosea. Siku moja aliniuliza, na ilikuwa mara chache yeye kuanza mazungumzo, "Mwalimu, na yale ya kabatini ni ya nani?"

"Ni ya kwenu," nilimwambia.

"Ya kwetu?"

"Ndiyo. Ya watoto."

Halafu akaja Mkaguzi wa Shule. Mwalimu Mkuu alitoa sanduku mwenyewe, akalifuta kwa kanga, akaliweka kwenye meza mbele ya darasa. "Mikono nyuma," aliwaambia watoto. "Atakayegusa atanijua." Watoto mia moja sitini na wanane wakaficha mikono migongoni. Mkaguzi akaketi na daftari. Nikafungua kifuniko, nikaeleza umbo moja moja, kisha nikauliza swali nililokuwa nimeliandika kwenye andalio la somo: thelathini na mbili, toa saba.

Wakatazamana. Swali lile haliimbiki.

Nilitazama sakafu, na nilipoinua macho Atupele alikuwa amekwisha kufika mezani. Hakuitwa. Alichukua mafungu matatu na vijiti viwili, akavipanga. Kisha akalishika fungu moja, na kwa kuwa mpira ulikuwa umekazwa mno kwa vidole vyake, akautia menoni. Mpira ukaachia. Vijiti vikaruka mezani, kimoja kikaviringika mpaka kwenye kiatu cha Mkaguzi. Mwalimu Mkuu akaguna.

Nilimpiga vidoleni kwa rula ya ubao. Mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kushtuka. Ya pili nilijua ninachofanya.

Hakulia. Alirudisha mikono nyuma, akarudi mahali pake. Mkaguzi aliokota kijiti, akanipa, akaandika kwenye ripoti kwamba zana za shule ni bora na zinatunzwa ipasavyo. Walipoondoka Mwalimu Mkuu alinishika bega. "Ahsante, mwalimu. Ungemwacha, angetuaibisha."

Nilifunga fungu lile upya kwa haraka, nikafunga sanduku.

Kesho yake wakati wa mapumziko nilimpelekea vizibo. Alisimama mbele yangu mikono ikiwa nyuma.

"Chukua, hesabu."

"Nitahesabu kwa mdomo, mwalimu."

"Kwa mkono ni sawa. Mimi nakuruhusu."

"Kwa mdomo," akasema. Akaanza, "Moja, mbili, tatu," akaruka sita, akaruka tisa, akaendelea mpaka ishirini kama wenzake wanavyoimba.

Nilijaribu kwa wiki sita. Nilimletea njiti za kiberiti, nilimwachia mezani nikatoka nje ili asinione. Nikirudi nazikuta zilivyokaa. Mwishowe nilikwenda kwa mama yake, kwenye kibanda chake nyuma ya maegesho ya malori. Alinikaribisha chai na maandazi, na nilipomweleza kwamba nilimpiga mtoto, alishangaa kwamba nimetoka shule kwenda kumwambia hilo.

"Umempiga wewe, mwalimu? Basi alikosa. Atakuwa alishika kitu cha watu."

"Hakukosa, mama. Alikuwa anafanya nilichomfundisha."

"Usimdekeze," akanijibu. "Mimi niko jikoni kutwa, huyu hana mwingine wa kumnyoosha. Kunywa chai, inapoa."

Nikanywa. Nilikuwa nimefika kuungama, nikaondoka nimeshukuriwa.

Atupele alipanda madarasa kwa jinsi kila mtoto alivyopanda wakati ule, akibebwa na kundi. Nilimfuatilia. Alishindwa mtihani wa Darasa la Nne, akarudia, akashindwa tena, akapandishwa hivyo hivyo. Katika Darasa la Tano jina lake lilikatwa kwa wino mwekundu kwenye daftari la mahudhurio. Nilipopita maegeshoni nilimwona akichochea kuni kando ya mama yake. Wateja walipouliza zimebaki sahani ngapi, alimwita mama yake aje kuhesabu.

Niliomba uhamisho. Kituo cha mwisho kilikuwa bonde la Momba, kwenye joto, kati ya familia za wafugaji waliohamia na ng'ombe wao. Niliamua kwamba huko nitaanza upya kwa majivu na udongo, kama Ihanda. Siku niliyoripoti, Mwalimu Mkuu, kijana mwenye adabu, aliniketisha ofisini na kunionyesha kwa fahari sanduku la mbao juu ya kabati. Lilikuwa limetengenezwa na mwalimu aliyepita kwenye semina zangu.

"Mfano ni wako, mzee," aliniambia. "Ndiyo maana tulifurahi tuliposikia unakuja."

"Watoto wanalitumia?"

Akacheka kwa heshima, kama mtu aliyetaniwa na mkubwa wake. "Ufunguo wenyewe ulipotea tangu mwaka juzi. Lakini liko salama."

Nilifundisha pale miaka minane. Nilichora kwa majivu. Palikuwa na watoto waliojua kwa jicho kwamba ng'ombe mmoja hayupo kabla hawajajua neno mia, na wachache niliwafikisha mbali. Lakini ndani ya mwaka wa tatu walimu wadogo walikuwa wakiniuliza kwa nini mtu aliyebuni masanduku anawachezesha watoto vumbini, na mmoja aliandika barua wilayani kwamba nimezeeka. Sikumlaumu. Alichofundishwa kuhusu zana kilitoka kwangu.

Nilistaafu mwaka 2015, kwa hiari, nikiwa na miaka hamsini na mitano, nikarudi kuishi Tunduma. Shule yangu ya zamani ikanialika kuniaga. Mwalimu Mkuu wa sasa, ambaye hakunijua, alisema kabati linahitajika kwa vitabu vipya, kwa hiyo shule imeona vyema kumkabidhi mzee kumbukumbu yake. Nikapigiwa makofi kwa mara ya mwisho na kuondoka na sanduku begani.

Nililifungua nyumbani, mlangoni, palipo na mwanga. Maumbo yalikuwa yaking'aa. Kitambaa chekundu hakikuwa kimepauka. Nilipogusa mafungu, mipira ilikatika yenyewe kama majani makavu, kwa kuwa haikuwa imefunguliwa tangu nilipoifunga. Mpira mmoja tu ulikuwa na alama za meno. Nikachukua kijiti na kukiinua kwenye mwanga. Kilikuwa cheupe. Nikachukua kingine. Nilivitazama vyote mia moja, kimoja kimoja, kwa kugusa, kusogeza na kutaja, na sikuona kilichochafuka.

Walimu wadogo huniuliza nimejifunza nini. Wanataka neno la kuandika kwenye kadi. Ninawaambia kwamba sijui ni wangapi wangejua kuhesabu kama nisingepata cheti, na kwamba idadi hiyo haiwezi kutafutwa kwa njia yoyote ninayoijua. Wanadhani ni unyenyekevu wa wazee.

Nilibaki na kitu kimoja cha kufanya. Atupele alikuwa sasa na kibanda chake mwenyewe, na binti wa miaka minne. Nilimpelekea sanduku asubuhi moja kabla wateja hawajajaa. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimemletea mjukuu wangu huyu vitu vya kuchezea."

Nililiweka juu ya benchi, nikafungua. Mtoto akaja mbio, akanyoosha mkono kwenye tufe.

"Usiguse," mama yake akasema. "Vya mwalimu hivyo."

"Si vyangu. Ni vyake. Avichafue, avipoteze, avitie matope. Nataka hivyo."

"Vizuri namna hii, mwalimu? Avitie matope?" Akacheka. Mtoto alikuwa amekwisha kurudisha mikono yake nyuma.

Nikamwambia nililokwenda kusema. "Atupele, siku ile ya Mkaguzi hukukosa. Mimi ndiye niliyekosa."

Alinitazama kidogo. "Siku ipi, mwalimu?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku akikoroga uji. "Mimi sikumbuki," akasema. "Tulichapwa siku nyingi." Mpaka leo sijui kama alisahau kweli au alinisitiri.

Wiki tatu baadaye nilipita tena. Sanduku lilikuwa ndani, juu ya kabati la vyombo, mahali pa juu kuliko vyote, limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono. Mtoto alikuwa chini, sakafuni, akivuta gari la kopo. Atupele aliona ninakotazama, na uso wake ulijaa fahari ya mtu anayetaka mwalimu wake ajue kwamba hakumwangusha.

"Tunalitunza, mwalimu," aliniambia. "Hajaligusa mtu."